Njia ya Kupalia

Msichana aliyenipigia simu alikuwa na adabu zake. Alinisalimu, akaniulizia afya yangu, akayaulizia na magoti yangu peke yake, ndipo akaniambia kuwa Bwana Masoud, mpanga miji, amefariki huko Unguja, keshazikwa, na kwamba wale aliowafundisha kazi wanamwandalia hitima na baada yake kikao cha kumkumbuka. Walitaka niende nikaseme maneno mawili. Nikasema inna lillahi. Kisha akasema, "Bibi, kuna jambo moja linatusumbua. Marehemu kila alipoingia mtaa mgeni kuupima, kabla hajatoa kamba wala kalamu, aliwatafuta kinamama akawauliza: hapa moto mnapalia wapi? Siye tulikuwa tukiandika majibu tu. Wengine tulidhani ni habari za zimamoto. Tukimuuliza maana yake anacheka, anasema, kamuulizeni Zuwena wa Wete."

Zuwena wa Wete ndiye mimi, na Unguja sikwenda. Anijuaye hatashangaa. Mimi ni mtu wa nyumbani kama kinu. Ukitaka kunihamisha uje na watu wanne. Dada yangu aliolewa Kisiwa Panza, na mpaka Mungu anamchukua nilikuwa bado natafuta siku nzuri ya kwenda kumtazama. Gando, hapo jirani tu, nimefika mara mbili, na mara zote mbili kichwa kiliniuma. Safari yangu kubwa ilikuwa ya skuli, Unguja, ambako nilisoma mpaka sekondari huku nikilia kila Ijumaa, na nilipopata cheti nilirudi Wete mbio kama mtu aliyesahau chungu motoni. Kwa hiyo msichana yule nilimwambia kwamba maneno mawili nitayaandika. Haya ndiyo hayo, yamechelewa, na yamezidi mawili.

Ilikuwa zama za siasa, mwaka mmoja au miwili kabla ya uhuru, na mimi nilikuwa nimeketi kwa shangazi yangu, Bi Chumu, nyumba ya mwanzo ya mtaa wetu ulio ubavuni mwa Jadida, hapa hapa Wete. Naikumbuka nyumba ile kwa pua kuliko kwa macho. Msimu wa karafuu, mbele kote kulitandikwa majamvi ya kuanikia, na harufu ile kali tamu iliingia vyumbani, ikakaa kwenye mito na kwenye nywele. Nyuma kulikuwa na moshi wa jikoni, wa makumbi ya nazi. Mchana wa adhuhuri harufu hizo mbili zilikutana katikati ya ukumbi, pale nilipopenda kulala juu ya mkeka na kitabu usoni, na nikawa sijui nimelala au niko macho, nasikia kinu cha jirani kikidunda mbali kama moyo wa mtu mwingine. Bi Chumu akipita huniruka, akisema, "Cheti hicho kimelala." Hakuwa akinisema mimi, alisema cheti.

Masoud aliletwa kwetu na ofisi ya serikali iliyotaka kuunyoosha mtaa. Alikuwa kijana wa Unguja mjini, ametoka masomoni, na Bi Chumu alikubali kumpa chumba cha barazani, kile chenye mlango wake wa nje. Mlango wa ndani, wa kutokea ukumbini, ulikuwa na pazia la maua ya buluu, na pazia lile ndilo nililozungumza nalo mwaka mzima. Mwanamume mgeni na msichana asiyeolewa hawakai wakatazamana, lakini chakula lazima kipite, na penye kupita sahani hupita na maneno. Pazia lilikuwa fupi. Lilikomea shubiri moja juu ya sakafu, na katika shubiri ile nilimjua Masoud: miguu yake, makubadhi yake yaliyokwisha upande wa kisigino, namna alivyosugua kidole gumba cha kushoto kwa mguu wa kulia kila alipofikiri. Majirani walinitania mpaka wakachoka. "Zuwena, leo miguu imeamkaje?" Nami nikijibu kuwa miguu haijambo, yawasalimu.

Mtaani walimwita Bwana Kamba, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akivuta kamba ya kupimia kutoka pembe hii mpaka ile, na kila kamba ilipopita barazani, wazee walinyanyua miguu. Siku zile baraza zenyewe zilikuwa zimegawana. Watu waliozikana na kuozana walikuwa hawapeani mkono kwa sababu ya chama; baraza hii haikunywa kahawa ya baraza ile, na wengine hata dukani walichagua mlango. Masoud alilijua hilo kwa kuumia. Akipima baraza ya kwanza asubuhi, ya pili humuuliza mbona kaanzia kule. Jioni alikuwa akila muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, analalamika nyuma ya pazia. "Bi Chumu, mtaa huu umekatika vipande. Nikiuchora hauungani." Shangazi akijibu bila kunyanyua macho kwenye nazi anayokuna, "Ndo wauchora kwa mbele, baba. Mbele hukaa wanaume."

Nyuma palikuwa na njia. Si njia ya kuoneshwa mtu. Ukipita barabarani huioni. Ilianza mlango wetu wa uani, ikaingia ua wa pili, ikapita ubavuni mwa kisima, ikachomoka kwenye ua wa tatu, hivyo hivyo mlango kwa mlango, milango kumi na mmoja, mpaka kwa Bi Raya mwisho wa mtaa. Wanawake tulipita humo bila buibui, kanga mbili tu, na kila alfajiri yule ambaye moto wake umezimika alikwenda kupalia kwa mwenzake: achukua kifuu cha nazi, ateka makaa mawili matatu mafigani, arudi mbio yasije yakafa. Anayekuja kupalia hakai. Ndiyo maana mgeni akiwa na haraka tulikuwa tukimwambia, "Kwani umekuja kupalia moto?" Siasa ya mbele haikuwahi kupita njia ile. Bi Raya mumewe alikuwa wa chama hiki, sisi wa kile, na makaa hayana chama.

Mwaka ule mume wa Bi Raya alifariki, na yeye akakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje. Mlango wake wa mbele ulitazama baraza kubwa ya wanaume, kwa hiyo ulifungwa, na kila kitu kilimfikia kwa uani: maji, boga la nazi, habari, moto. Nilipewa mimi kazi ya kumpelekea moto na uji, kwa kuwa, alivyosema shangazi, mimi na Bi Raya sote tuko eda, tofauti ni kwamba yeye ana sababu. Nilikaa naye asubuhi nyingi kwenye kipenu chake, yeye na nguo zake nyeupe, akisuka ukili usiokuwa na mwisho. Alikuwa hazungumzi sana. Mara moja aliniambia, "Nikisikia mlango wa uani walia, najua chamba bado mie n' ntu." Nilikuwa kijana, nikaitikia tu, nikampa uji.

Sasa ndipo inapoingia aibu yangu. Masoud alimaliza ramani ya kwanza, na kwa kuwa majina ya Kipemba yalimshinda, aliipitisha chini ya pazia nimsahihishie. Miliki yangu duniani ilikuwa cheti kimoja na penseli nyekundu, na penseli ilikuwa bado ndefu. Niliitandaza ramani ukumbini, nikapiga magoti, nikaanza kukata. Mtaa wetu ulikuwa mzuri kule juu ya karatasi, mweupe, kimya, kama mtu aliyelala. Nikaifuata njia yetu kwa kidole, nikafurahi kwamba ameiona. Kumbe alimuuliza mtoto wa jirani, akajibiwa upesi upesi. Juu yake ameandika: Njia ya kupalilia. Nikacheka. Nikaikata "li" moja kwa penseli yangu, nikaandika pembeni "kosa", nikairudisha chini ya pazia.

"Bi Zuwena, umenikata herufi mbili."

"Nimekukata kosa. Kupalilia ni magugu. Ile ni njia ya kupalia."

"Kupalia nini?"

"Kwani nyinyi kwenu mjini mwapikia nini?"

"Kwetu tuna stovu."

Nilimcheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikamweleza yote, kwa fahari, kama mwalimu: vifuu, makaa, milango kumi na mmoja, Bi Raya na eda yake. Nyuma ya pazia kidole gumba cha kushoto kikawa kinasuguliwa, kinasuguliwa, halafu kikatulia. "Kwa hiyo," akasema pole pole, "si njia ya shamba."

"Shamba gani? Ni ya jikoni."

"Ningelijua nisingekuuliza," akasema. Akanieleza kwamba mpango unataka mtaro mpana wa maji uchimbwe nyuma ya nyumba, na kila nyumba izungushiwe ua wake peke yake. Njia ya shamba amri hairuhusu kuiziba, kwa hiyo alipoandika kupalilia, mtaro aliusogeza ukapita mbele. Lakini njia ya jikoni kwa jikoni haina pahala kwenye karatasi za ofisi. Hakuna hata mstari wa kuiandika. Ikiwa si ya shamba, basi pale ni patupu, na mtaro unapita hapo hapo, wiki sita zijazo.

Bi Chumu alikuwa ametulia jikoni muda wote huo, na mtu mwenye kelele akitulia ujue anasikia. Alitoka na mwiko mkononi. "Miaka yote ile ya skuli, Zuwena, ndo umeisomea kuzibia watu njia? Herufi mbili! Ungekuwa hujui kusoma tungekuwa salama!" Kisha akaligeukia pazia. "Na wee baba, rudisha. Andika vile vile ulivyokosea."

"Siwezi, Bi Chumu," ikasema sauti. "Karatasi naitia saini. Jana sikujua, leo najua. Nikiandika shamba na najua ni jiko, nitakuwa mwongo, na mwongo kwa kupima nyumba za watu ni mbaya kuliko wa maneno."

"Basi utatuzika kwa ukweli wako."

Asubuhi yake nilipeleka moto kwa Bi Raya na habari nikampa, maana sikuwa na uso wa kumficha. Aliacha kusuka. Eda yake ilikuwa imebaki zaidi ya miezi miwili. Mtaro ungechimbwa angali ndani. Alitazama mlango wake wa uani, ule wa mbao za mfenesi unaolia. "Mie nshazika ntu mmoja mwaka hunu," akasema. "Mwambie huyo Bwana Kamba asin'zike na mie." Niliyabeba maneno yale kwenye njia ile ile, mlango kwa mlango, na kila jikoni niliposimama wakaniuliza nina nini, nikawaambia. Nilipofika nyumbani nikayasema na kwa pazia. Siku ile sahani ya wali ilirudi kama ilivyokwenda.

Aliyejibu ni Bi Chumu, baada ya kufikiri siku mbili, na kwake siku mbili ni karne. Tulikuwa tunakula ukumbini, Masoud upande wake. "Baba," akasema, "neno ulilokosea ni kupalilia, siyo? Ukiona watu wapalilia, utaandika wapalilia?"

"Nitaandika ninachokiona."

"Haya. Tupe wiki tatu, usimalize ramani."

Kikawa kicheko cha uani kote mwezi ule. Kutoka mlango wetu mpaka wa Bi Raya, kila mwenye nyumba alipanda pembeni mwa njia alichokuwa nacho: mchicha, kunde, mabamia, viazi vitamu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na Pemba ukidondosha kitu kinaota, mchicha ukashika, na magugu yakashika zaidi, tukashukuru. Hatujapata kuyafurahia magugu namna ile. Alfajiri tulikuwa tukiinama sote, ukungu bado uko chini, moshi wa moto mpya unatambaa juu ya migongo yetu, na sioni nyuso, nasikia sauti tu zikitaniana kutoka ua hadi ua. "Bi Chumu, magugu yako machache, nikuazime?" "Azima kwa Zuwena, yeye anayo mpaka kichwani!" Bi Raya, kwa kuwa uani kwake eda yamruhusu, alipalilia kipande chake na nguo nyeupe, na nilimsikia akicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikikumbuka sasa naona kama ndoto niliyoota adhuhuri na kitabu usoni. Lakini viganja viliniota malengelenge, na ndoto haziotishi malengelenge.

Mkubwa wa ofisi alikuja mwenyewe kukagua, Mzungu mrefu mwenye soksi mpaka magotini, na Masoud pembeni yake ameshika ramani. Walitokea upande wa kisima. Wanawake kumi wakajitanda kanga vichwani, wakaendelea na vijembe vyao, hapana hata mmoja aliyeinua uso. Mimi peke yangu sikuwamo. Nilikuwa nimelala mpaka jua limepanda, tabia yangu, moto wa Bi Raya nikausahau, na kwa hofu ya kusemwa nilichukua kifuu cha makaa nikatoka mbio bila kuangalia. Nikawaangukia katikati. Mkubwa akanitazama mimi, akakitazama kifuu kinachofuka moshi.

"Hii njia ya nini?" akamuuliza Bi Chumu kwa Kiswahili chake.

"Ya kupalilia, bwana. Si watuona?"

"Na huyu?" Akanielekezea fimbo. Nilisimama kama mti. Makaa yalikuwa yakiunguza kifuu na mimi vidole, na nilijua kwamba njia yote ile, na mlango wa mfenesi kule mwisho, iko mikononi mwangu, na mikono yangu haijawahi kushika kitu kikubwa kuliko penseli. Masoud hakunitazama. Alitazama karatasi, akasema taratibu, bila kuongeza wala kupunguza:

"Na huyu anapalia, bwana mkubwa."

"Vizuri," akasema Mzungu. "Wote wanapalilia." Akapita. Sikio lake halikuwa la kukamata herufi mbili, na Masoud hakuwa amesema uongo. Nilimwona uso siku ile, mara ya kwanza kwa ukamilifu wake. Ulikuwa umejaa jasho, na ulikuwa umebana midomo kama mtoto anayezuia kicheko msikitini. Kisha nikakimbia kwa Bi Raya, na nilipofika makaa mawili yalikuwa yamekufa, moja lilikuwa hai. Lilitosha.

Mtaro ulichimbwa mbele, ukakata baraza zote mbili sawa sawa, na wazee wa vyama vyote wakapata jambo la kulalamikia pamoja. Nasikia ndivyo walivyoanza kusalimiana. Bi Raya alitoka eda kwa mlango wa uani, akapita kwetu sote kumi kwa zamu. Na Masoud kazi yake ikaisha. Siku ya kuondoka alisimama nyuma ya pazia na mzigo wake, makubadhi yake ameyashona visigino, akaaga amesimama. Shangazi akamwambia, "Ukae basi unywe chai! Kwani umekuja kupalia moto?"

"Naona ndivyo, Bi Chumu," akasema. "Kaa langu nshalipata."

Baadaye nilisikia habari zake kwa redio na kwa wapita njia: kwamba amekuwa mkubwa, kwamba kakataa mtaa fulani usivunjwe, kwamba akipewa nyumba kongwe kuichora huanzia jikoni, kwamba wenziwe walimcheka akaketi na wanawake kwenye mbuzi za kukunia nazi, kalamu sikioni. Mimi niliolewa na mtu mwingine, mtu mwema, aliyenipata nyumbani kwa kuwa kwingine nisingeonekana. Masoud sikumwona tena. Kila baada ya miaka kadhaa ilikuja bahasha yenye ramani ya mtaa wa mbali nisioujua, na pembeni ameandika kwa penseli, "Bi Zuwena, kata makosa." Nilikata. Siku hizi nafikiri mengine aliyaweka makusudi.

Wiki iliyopita watu wa kikao waliniletea kitu walichokikuta mezani kwake. Ni ile ramani ya kwanza, imekuwa rangi ya chai. "Li" yangu imekatwa kwa nyekundu, na "kosa" langu liko pembeni na mkia wa majivuno. Chini yake, kwa mwandiko wake mdogo, ameirudisha "li" kwa wino, na mbele yake ameandika tarehe ya siku aliyokuja Mkubwa. Hakuirudisha kabla ya siku ile.

Siku ya hitima, saa ambayo najua kule Unguja watu wanasema maneno yao mazuri, nilichukua kijembe, nikafungua mlango wa uani, ule ule wa Bi Chumu. Njia ipo. Nusu imemwagwa saruji, kwengine pana waya wa nguo na pipa la maji, na bamia hakuna, lakini magugu hayajapata kutusahau. Nikainama kwa magoti niliyoulizwa habari zake, nikapalilia kutoka kwetu, mlango kwa mlango, napumzika kila mlango, mpaka nikafika mwisho, kwa Riziki, mjukuu wa Bi Raya. Mlango wa mfenesi bado unalia. Riziki akatoka na simu mkononi.

"Bibi Zuwena! Una nini, mbona wahema? Wataka n'ni?"

"Nimekuja kupalia moto," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma wanayotutazama nayo vijana siku hizi. "Moto gani, Bibi? Mie napikia gesi."

"Hunao?"

"Sina."

"Basi kama hunao," nikasema, nikakiweka kijembe chini, "nitakaa."